Shangazi, fundi anataka kuanza rangi na kuta bado zina majimaji

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako kimya kimya siku zote ila leo imebidi niandike maana naona tukienda hivi nyumba itaisha na ndoa itaisha nayo.

Iko hivi. Mimi na mume wangu tunajenga, ndo nyumba yetu ya kwanza, ya chini tu ya kawaida, vyumba vitatu, sebule, jiko, na mabafu mawili ya ndani. Bati limeshapigwa, waya na mabomba vimeshalazwa ukutani, plasta ya ndani imeisha hata mwezi haijafikisha, na sakafu wamemwaga juzi juzi tu hapa. Mume wangu anafanya kazi mbali, anarudi mara moja moja, kwa hiyo mi ndo napita saiti jioni nikitoka kazini na yeye anafuatilia kwa simu. Fundi mkuu anamtumia picha, na picha zinatoka nzuri kweli kweli mpaka najiuliza ni nyumba hiihii ninayoiona mimi?

Sasa vurugu inaanzia hapo. Namwambia fundi soketi ya jikoni isogee kidogo iko karibu mno na sinki, kesho yake nakuta ipo palepale, nikiuliza naambiwa "mzee kasema iache". Nampigia mzee mwenyewe hata hajui naongelea soketi ipi. Halafu na yeye kuna vitu anabadilisha huko huko kwenye simu, mara dirisha la stoo lizibwe, mara silingi ya sebule ipandishwe, mi nakuja kukuta vimeshafanyika. Nikiuliza sana fundi ananiambia "mama we niachie mimi, hii kazi nimeanza kabla hujaolewa", na vijana wake wanacheka.

Kubwa zaidi ni hili. Fundi anasema wiki ijayo rangi inaanza huku tailizi zinaendelea, ili kazi zitembee pamoja tumalize haraka. Mi nikishika ukuta wa sebule nauona bado wa baridi, na kule chini karibu na sakafu umetoka unga mweupe kama chumvi. Fundi anasema ni vumbi la simenti tu, rangi itafunika, na mume wangu anamuunga mkono. Pia anataka tumpe sehemu kubwa ya hela ya finishingi yote sasa hivi ili "asisimame simame".

Haraka yetu ni kwamba mkataba wa nyumba tunayopanga unaisha mwezi ujao na mume wangu hataki kusikia habari ya kuongeza, na watoto wameshagawana vyumba, kila siku ni lini tunahama lini tunahama. Mi nataka kuhama kuliko hata wao, sio kwamba napinga. Ila roho haijatulia. Shangazi, turuhusu rangi ianze? Na mtu kama mimi nisiyejua ujenzi nafuatiliaje bila kuonekana kisirani?

Mama wa saiti

JIBU

Marahaba mwanangu, pole na vumbi.

Rangi isianze. Nakujibu hilo kwanza ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umeshapata lako.

Plasta mpya ya simenti ina mambo mawili ndani yake, maji na ukali wa simenti yenyewe, na vyote viwili vinahitaji muda kupungua. Kipimo wanachokwenda nacho watu wa rangi ni kama wiki 4 hali ya hewa ikiwa nzuri, kukiwa na mvua au nyumba imefungwa haipitishi hewa basi zaidi ya hapo. Ukipaka kabla, maji yanayotaka kutoka yanakuta njia imezibwa, ndo unaona rangi inavimba malengelenge na kubanduka, na ukali wa simenti unakula rangi inapauka mabaka mabaka. Ikiwa ni rangi ya mafuta ndo kabisa, ukali ule unaigeuza sabuni, haikauki inabaki inanata. Muda ukifika mwambie aanze na praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, inayohimili ukali wa simenti mpya, duka la rangi ukisema "ukuta mpya wa simenti" wanajua.

Na huo unga mweupe sio vumbi. Ni chumvi kweli, umesema sawasawa. Maji yanayotoka ndani ya ukuta yanazibeba chumvi zilizomo kwenye tofali, mchanga na simenti, yakifika nje yanaondoka hewani chumvi inabaki usoni. Usiuoshe kwa maji, utairudisha ndani, utoe kwa brashi kavu kisha uangalie kama unarudi. Ukipungua kila ukifagia, ukuta unakauka zake vizuri. Ukirudi palepale kwa nguvu ileile, hasa huko chini karibu na sakafu tu, hapo kuna maji yanaingia kutoka mahali: ama yanapanda kutoka ardhini kwa sababu juu ya msingi haikuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu au imetobolewa, ama kuna bomba linavuja ndani ya ukuta. Hivyo viwili rangi haifuniki hata ukipaka makoti 10.

Kuna kipimo hakihitaji ufundi wowote. Chukua nailoni angavu, kipande cha kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne kusipite hewa, kiache mpaka kesho yake, wanasema isipungue saa 16. Ukifunua ukakuta umande chini ya nailoni au sakafu imekuwa nyeusi hapo, bado ina maji. Ukutani fanya vilevile. Pima sehemu tofauti tofauti, na hasa huo ukuta wa sebule.

Hapohapo kwenye sakafu watu wanachanganya mambo mawili. Siku za kwanza, kama wiki moja hivi, sakafu ya simenti inatakiwa iwe na maji, imwagiliwe au ifunikwe, maana simenti inashika nguvu kwa maji, na ikikaushwa na jua na upepo mapema inapasuka na juu inakuwa inatoa unga. Baada ya hapo ndo unafungua madirisha ikauke. Kwa hiyo ukikuta kijana anamwagilia usimgombeze kwamba anachelewesha, na ukikuta siku ya pili hamwagilii mtu, gomba. Ikishaanza kukauka inaenda taratibu, kadirio la kawaida ni siku moja kwa kila milimita 1 ya unene, kwa hiyo sakafu ya sentimita 5 ni kama wiki 7, na ikiwa nene zaidi ya hapo muda unazidi kurefuka. Tailizi zinavumilia unyevu kidogo, sio lazima usubiri mpaka tone la mwisho. Mbao na vinaili (zulia la plastiki) hazivumilii kabisa, kama kuna chumba mmepanga kuweka hizo kiwe cha mwisho.

Sasa swali lako la kufuatilia, ambalo ndo naliona kubwa kuliko la rangi.

Mwanangu huhitaji kujua kujenga. Unahitaji kujua kitu kimoja: leo kinafunikwa nini? Finishingi yote ni kufunika. Plasta inafunika waya na mabomba, tailizi inafunika dawa ya kuzuia maji, silingi inafunika mbao na bati, rangi inafunika plasta. Kitu kikishafunikwa kikiwa kibovu unakijua kwa kubomoa. Kwa hiyo mi ningekuwa wewe nisingehangaika na ukuta mmoja mmoja kila jioni, ningemuuliza fundi kila mwisho wa wiki "wiki ijayo unafunika nini", nikapita kabla hajafunika. Hata yeye ataheshimu, maana hilo ni swali la mtu anayejua anachotafuta.

Anza na mabomba, sababu nyie tailizi bado. Mabomba ya maji yajazwe, hewa itolewe, yapimwe kwa pampu yenye geji, presha ipandishwe mpaka kama mara moja na nusu ya presha ya kawaida ya matumizi, kisha yaachwe. Mshale ukishuka kuna mahali panavuja, patafutwe sasa hivi. Jaribio hili litakujibu pia kuhusu ule ukuta wenye chumvi. Mabomba ya maji machafu nayo yazibwe mwisho yajazwe maji yaangaliwe kama yanashuka. Fundi bomba akikwambia "haya mabomba ni mazuri hayana haja ya kupimwa" usimlipe, bomba lenyewe linaweza kuwa zuri na maungio yake yakawa mabovu.

Halafu mabafu. Hapo nataka uwe king'ang'anizi haswa. Tailizi na grauti, ile simenti ya kuziba mianya kati ya tailizi, hazizuii maji, watu wengi wanadhani zinazuia, maji yanapita taratibu kwenye grauti na kinachoyasimamisha ni ile dawa iliyopakwa chini yake. Ipakwe koti mbili, kona zote ziwekwe utepe wake, ipande ukutani, na kwenye shawa ipande kupita kichwa cha mtu. Ikishakauka ziba tundu la maji, jaza maji sakafuni sentimita chache, acha saa 24, angalia kama yamepungua na kama ukuta wa upande wa pili umelowa. Ndo tailizi zianze. Na mwinuko: sakafu ya bafu ishuke kuelekea kwenye tundu, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Siku wamemaliza mwaga ndoo ya maji mwenyewe usimame uangalie yanaenda wapi, usikubali kuambiwa yatakauka yenyewe.

Tailizi zenyewe nunueni zote pamoja na nyongeza ya kama asilimia 10, na maboksi yote yawe na namba ileile ya toleo na ya rangi, maana jina la tailizi linaweza kuwa lilelile na toleo jingine likaja na weupe wake tofauti. Zikishalazwa gonga kwa sarafu moja moja, ikilia tupu chini yake hakuna gundi, hiyo itakuja kupasuka siku kitu kikiangukia hapo. Pembeni ukutani waache upenyo mdogo utakaofichwa na sketingi, sakafu ikitanuka ikikosa pa kwenda tailizi zinanyanyuka. Na seremala asikate milango chini kabla kimo cha tailizi hakijajulikana, hili ni dogo lakini linaudhi miaka yote.

Umeme upimwe na fundi umeme anayetambulika kisheria huko mliko, sio kijana wa fundi mkuu anayejua kuunga waya. Kiwepo kifaa cha kukata umeme ukivuja, kile cha miliampia 30, eathi ipimwe isiishie kuchomekwa tu ardhini, na soketi ya karibu na sinki isogee, ulikuwa na haki kabisa. Kabla ya rangi pita chumba kwa chumba na chaki, fikiria kitanda kitakaa wapi, mlango unafunguka upande gani, swichi iko wapi. Nimeona majumba ya maana kabisa swichi iko nyuma ya mlango, unaingia unafunga mlango gizani ndo unapapasa taa.

Na palipobaki wazi ukutani au kwenye silingi piga picha na futi ikionekana, ili siku mnataka kutundika kitu msitoboe bomba.

Mpangilio basi uwe hivi: bati lihakikiwe kwamba halivuji (kama mvua hamna, mtu apande na mpira wa maji), umeme na maji vipimwe, ndo silingi, kisha praima na koti la kwanza la rangi kuta zikishakauka, tailizi za sakafu, milango na makabati, vifaa vya choo na taa, na koti la mwisho la rangi likija mwishoni kabisa. Rangi na tailizi kutembea pamoja chumba kimoja ni vumbi la kukata tailizi kuganda kwenye rangi mbichi. Unaona sasa kwamba fundi hakosei kusema kazi zitembee pamoja, anaweza kuweka tailizi za ukutani bafuni huku kuta za sebule zinakauka. Tatizo ni kuzirusha zote kila mahali.

Turudi kwa baba watoto. Sioni kama mna ugomvi nyie, fundi ndo ana mabosi wawili na akitaka jambo lake anamchagua yule atakayemkubalia. Wewe ukimbana ana mzee, mzee akimbana anaye mama. Hiyo mnaiziba kwa njia moja tu, mkubaliane nyie wawili usiku kwenye simu, kisha agizo litoke kwa mtu mmoja, na mi nasema awe wewe kwa sababu ndo uko hapo. Kila badiliko liandikwe kwenye ujumbe: nini kinabadilika, kinaongeza hela gani, kinaongeza siku ngapi, na fundi ajibu ndio kabla hajagusa kitu. Mume wako akipigiwa na fundi jibu lake liwe "ongea na mama". Litamkera mwanzoni, wanaume wengi wanaona wamenyang'anywa nyumba. Mpe kazi ya kweli basi, zipo ambazo huko aliko anaziweza kuliko wewe uliyechoka na saiti: kuchagua na kuagiza koki, masinki, taa, vitasa, kufuatilia vinafika lini, kuweka hesabu. Na hizo picha nzuri azikatae. Aombe video ya geji ya maji, ya bafu lililojazwa, ya nailoni ikifunuliwa. Ukuta uliopakwa rangi hata kwenye picha ya kubandika dukani unapendeza.

Hela ya mbele hapana. Gawanyeni finishingi vipande, kila kipande kilipwe kikiisha na kikishapimwa, vifaa mnunue wenyewe au kwa risiti. Zuieni asilimia 5 mpaka 10 ya ufundi hadi kasoro zote za mwisho ziishe, hilo ni jambo la kawaida kwenye mikataba ya ujenzi na fundi mzoefu hawezi kulishangaa. Kama ana shida ya hela ya kulipa vijana, fupisheni vipande, mlipeni kila wiki kwa kilichofanyika.

Kuhusu kuhama, muombe mwenye nyumba muongeze mwezi mwezi badala ya mkataba mzima, wengi wanakubali ukiwahi kusema. Ikishindikana kabisa, acheni habari ya kumaliza nyumba nzima vibaya, malizeni upande mmoja vizuri: bafu moja, jiko, vyumba viwili, vyenye maji, choo kinachofanya kazi, umeme uliopimwa, milango inayofunga na madirisha yenye vioo. Sebule ibaki na plasta yake ikauke, hakuna sheria kwamba mgeni asikalie kiti kwenye ukuta usio na rangi. Ila tailizi zikiwa bado zinakatwa na watoto wameshahamia, hapo nakataa, lile vumbi lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) na linaharibu mapafu, likatwe kwa maji na likatwe nje. Na chumba kikipakwa rangi kisilalwe mpaka kipate hewa siku kadhaa, harufu ikishaisha.

Mtakapofika mwisho pita na fundi mara mbili, mchana na usiku. Usiku beba tochi uiegemeze ukutani ing'arishe kwa ubavu, mabonde yote ya plasta yanajitokeza. Fungua koki zote kwa pamoja, vuta maji vyoo vyote, fungua na kufunga kila mlango na kila dirisha, mwaga maji kwenye vizingiti vya nje vya madirisha uone kama yanaenda nje au yanarudi ndani. Andika orodha, mpe nakala, hela iliyozuiwa itoke orodha ikiisha.

Leo usiku ongea na mume wako, msomee hii barua kama utaona inafaa, halafu kesho asubuhi mtumie fundi ujumbe huu, ubadilishe unavyotaka:

"Fundi habari za kazi. Tumekubaliana mimi na mzee, kuanzia leo maagizo yote yanatoka kwangu kwa maandishi. Rangi tunasubiri kuta zikauke, nitapima kwa nailoni. Wiki hii naomba mabomba yote yapimwe kwa presha nikiwepo, na bafu la kwanza lipakwe dawa ya kuzuia maji lijazwe maji saa 24. Vikipita, malipo ya kipande hicho utayapata siku hiyohiyo, na tailizi za bafuni zianze."

Hilo la malipo ya siku hiyohiyo usilikose, hela iwe tayari kabla hujautuma.